Kijiji cha Kuzeekea

Kitinda mimba wetu aliondoka nyumbani mwezi wa tisa mwaka juzi akiwa na mabegi matatu na sufuria moja ambayo mama yake alimlazimisha kuibeba. Tulimpeleka kwa gari hadi chuoni kwake, Newcastle, tukamwacha mlangoni pa chumba chake, tukarudi Leicester usiku uleule. Ni mwendo wa saa tatu na zaidi, na njia nzima hatukusema mengi. Tulipofika, mke wangu akasonga bukari kama kawaida yake, kisha akasimama akiitazama sahani. Alikuwa amesonga ya watu watano.

Waingereza wana jina la watu wa hali yetu. Wanatuita wenye kiota kitupu. Nilijifunza usemi huo katika kitivo hiki, miaka ya tisini, kwenye kamusi iliyokuwa imepoteza jalada, na nakumbuka niliuona kama fumbo. Katuba nilikokulia, nyumba haiwi tupu. Binti akiolewa, anakuja mpwa wa kusoma. Mpwa akimaliza, shangazi anamleta mjukuu aliyeshindikana. Mama yangu alizaa saba, na siku aliyofariki kulikuwa na watu kumi na mmoja wanaolala katika parsele yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka tumboni mwake. Kiota kipi hicho? Ilibidi nifike miaka hamsini na sita, nisimame katika korido ya ghorofani yenye milango mitatu iliyo wazi na vitanda vitatu vilivyotandikwa, ndipo fumbo lilipofumbuka.

Nyumba yetu ya Leicester ina vyumba vinne, ngazi zenye mteremko mkali, na bili ya gesi inayopanda kila majira ya baridi. Goti la mke wangu halipendi ngazi. Wenzake kazini, wauguzi wa umri wake, walikuwa wameanza kufanya jambo ambalo Waingereza wengi hulifanya watoto wakishaondoka: kuuza nyumba ya mjini na kwenda kutafuta ndogo mashambani. Jioni moja akasema, bila utangulizi, "Papa, tuhame. Twende kijijini."

Yeye ni mtoto wa kijiji, amezaliwa karibu na Bukama, kando ya Lualaba. Miaka zaidi ya ishirini amelima lengalenga katika shamba dogo la kukodi la halmashauri ya jiji, mita za mraba kama 250, ambako majirani zake hulima viazi na kumwuliza kila mwaka kama ile ni magugu. Mimi ni mtoto wa mji na wa reli, baba yangu alikula mshahara wa reli mpaka mshahara ulipoacha kuja. Mashambani kwangu ni mahali unapopita ukiwa dirishani. Lakini nilikubali tukatazame. Kutazama hakugharimu kitu, nilifikiri, na hapo nilikosea.

Mwaka mzima wa Jumamosi tulizunguka. Tulikwenda Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, mji mdogo wenye ngome juu ya mto, mzuri mpaka mtu anaona haya. Tulikwenda Herefordshire, penye bustani za matofaa. Tulikwenda Lincolnshire, nchi iliyolala bapa kama meza, ambako nyumba zilikuwa za bei nafuu na mke wangu akauliza kwa nini ni nafuu. Huko Uingereza kuna ramani za serikali zinazoonyesha kila kiwanja na hatari yake ya mafuriko. Ukanda wa tatu ndio mbaya: kila mwaka mto una nafasi moja katika mia, au zaidi, ya kuingia sebuleni. Mimi nilifungua ramani kwenye simu. Yeye hakuihitaji. Alitazama kuta za mabanda, akatafuta alama ya maji, kisha akauliza kanisa liko wapi. "Wazee wa zamani hawajengi kanisa majini," alisema. "Jenga pale walipojenga kanisa." Nilipomwonyesha picha maarufu ya Tewkesbury, Julai 2007, abasia ikiwa imesimama kwenye kisiwa chake na mji unaoizunguka ukiwa ndani ya maji, hakushangaa hata kidogo. Watu wa Lualaba hawahitaji kufundishwa na Severn.

Tewkesbury iko pale ambapo Severn hukutana na Avon, na hapa naomba wasomaji wa jarida hili wanivumilie kidogo, kwa sababu kitivo hakijanitoka. Avon ni neno la Kiselti, lugha zilizozungumzwa kisiwani kabla ya Kiingereza. Kwa Kiwelshi cha leo *afon* ni mto tu. Wageni walifika, wakauliza mnaitaje hiki, wakajibiwa "mto", wakaandika Mto Mto. Ramani ya Uingereza ina Avon kadhaa za namna hiyo. Tusicheke. Na sisi tuliishi miaka ishirini na sita katika nchi iliyoitwa Zaire, jina ambalo Wareno walilipata kwa kulisikia vibaya neno la Kikongo la mto mkubwa, *nzadi*. Nilimweleza mke wangu hayo tukiwa kwenye foleni ya magari. Akasema kwa hiyo tulikuwa raia wa Mto.

Tangu siku hiyo nilizisoma ramani kwa majina yake, na kwa kweli majina ndiyo yaliyonirudisha karibu na nyumbani, yaani karibu na Leicester. Mashariki na kaskazini mwa jiji vijiji vingi vinaishia na *-by*: Barkby, Asfordby, Saxby. Hilo ni neno la Wadenmaki, maana yake makazi au kijiji. Walifika na majeshi yao, na mwishoni mwa karne ya 9 wakagawana ardhi na kulima. Leicester yenyewe ilikuwa mmoja wa miji yao mitano, pamoja na Nottingham, Derby, Lincoln na Stamford. Kingo za mto Wreake, jina ambalo nalo ni lao na maana yake ni wenye kupindapinda, kuna kijiji kinachoitwa Frisby. Maana yake ni kijiji cha Wafrisia. Ina maana kuna siku walihamia hapo watu wa kutoka ng'ambo ya bahari, wageni katikati ya wageni, na majirani waliwaita kwa ugeni wao, na ugeni ukawa anwani. Leo anayeishi Frisby ni Mwingereza wa Waingereza. Lugha nayo ilihama pamoja nao: hata neno la Kiingereza la dirisha, la yai, na la mume, yote yaliletwa na hao waliokuja kwa mashua. Nilipowaambia watoto wangu kwamba Kiingereza kilikosa neno lake kilipohitaji kumtaja baba wa nyumba kikaazima la mgeni, binti yangu aliniandikia kwenye simu kwamba baba nenda kalale.

Ukivuka kuingia Rutland majina yanabadilika. Uppingham, Empingham. Silabi ile ya katikati, *-ing-*, ni watu wa, ukoo wa. Empingham ni makazi ya watu wa Empa. Msomaji aliyekulia Kiluba ameshanitangulia: ni kwa *bena* Empa. Nilisimama mbele ya kibao cha barabarani nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu sokoni.

Rutland ni mkoa mdogo, wenyeji kama 41,000 kwa sensa ya 2021, wakati Leicester peke yake ina zaidi ya 368,000. Mwaka 1974 serikali iliumeza ndani ya Leicestershire, na mwaka 1997 ukarudishiwa utawala wake, na watu wake bado wanalizungumza jambo hilo kama ushindi wa vita. Katika ukumbi wa ngome ya Oakham kuna kwato za farasi, za chuma, zaidi ya 200 ukutani, nyingine kubwa kama milango ya mabanda. Desturi ni kwamba mtu mwenye cheo cha ukabaila akipita mjini kwa mara ya kwanza anaacha kwato moja. Ushuru wa ugeni. Mke wangu aliuliza sisi tutaacha nini.

Katika mkoa huo ndipo tulipokiona kijiji. Sitakitaja jina, kwa sababu waliokuwemo hawakunikosea lolote na sitaki wajione humu. Nyumba za mawe yenye rangi ya asali, kanisa juu ya kilima (mke wangu alinibonyeza mkono), njia za miguu zinazokatisha mashamba ya watu. Njia hizo ni jambo la ajabu la nchi hii: shamba ni la mtu, mahindi ni yake, ng'ombe ni wake, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, na mwenye shamba akiiziba anavunja sheria. Nyumba iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa na vyumba viwili, mlango mfupi uliomlazimu hata mke wangu kuinama, na bustani nyuma yenye udongo mweusi. Alichota udongo huo, akaufinya, akaunusa. Hapo nilijua nina kesi ngumu.

Wakala alituonyesha mengine kwa haraka kidogo. Bomba la gesi halifiki kijijini, kwa hiyo nyumba hupashwa joto kwa mazuti, na tangi liko nyuma ya banda, lori huja kujaza. Maji machafu huenda kwenye fosi septiki, kama Katuba, ila yenye masharti zaidi. Nyumba imeandikwa katika orodha ya majengo ya kihistoria, kwa hiyo dirisha hulibadilishi kama upendavyo, hata likivujisha baridi ya Januari moja kwa moja kitandani, mpaka uombe kibali. Duka liko kijiji cha pili. Daktari yuko mji wa karibu. Basi lipo, alisema, na alisema kwa sauti ya mtu anayekutajia jamaa aliye mgonjwa. Nilisoma ratiba kituoni. Haikujaza nusu ya karatasi. Serikali huwapa wazee wa Uingereza kadi ya kupanda basi bure wakifika umri wa pensheni, umri ambao sasa unasogezwa kutoka 66 kwenda 67, na siku za kazi kadi huanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi. Kadi bila basi ni kipande cha plastiki.

Zamani palikuwa na treni hata katika vijiji vya namna hii. Mwaka 1963 Dr Beeching, aliyekuwa akiongoza reli za nchi, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,300 na kilomita 8,000 hivi za reli, kwa sababu haziingizi faida. Si vyote vilivyofungwa, lakini vingi. Ukitembea mashambani unakuta tuta refu lililonyooka lenye miti juu yake, halielekei popote. Niliyatambua matuta hayo kabla sijaambiwa. Mtoto wa mtu wa reli anajua reli iliyokufa ina sura gani.

Tulipotoka kwenye nyumba tulikutana na mama mmoja mzee mwenye mbwa. Alitusalimu vizuri, akasifu hali ya hewa, akauliza kama tumekuja kutembea. Mke wangu akasema tunatazama nyumba. Akasema vizuri sana, na njia nzuri ya matembezi inaanzia pale nyuma ya kanisa. Tulipokutana naye tena chini ya kilima alituuliza kama tumefurahia matembezi. Hakuwa na ubaya. Mjini Leicester mtu hanisalimu, lakini pia hanioni kama mpita njia. Kijijini kila mtu ananisalimu, na ndani ya salamu kuna swali la nitaondoka saa ngapi. Mke wangu anasema swali hilo nimelibeba mimi mwenyewe mfukoni. Inawezekana.

Tulipanda hadi kanisani. Mzee mmoja alikuwa akikata nyasi kati ya makaburi, na kwa kuwa nilipenda majina nilianza kumwuliza habari za mawe ya zamani. Katika kuzungumza akatueleza jambo ambalo sikulijua baada ya miaka yote hiyo nchini: anayeishi ndani ya parokia, awe Mwanglikana au asiwe, ana haki ya kuzikwa katika makaburi ya kanisa la parokia, maadamu nafasi ipo na makaburi hayajafungwa. Ada inalipwa, lakini haki ni haki. Pale nafasi ilikuwepo, alituonyesha upande wa mashariki, chini ya miti.

Mke wangu akacheka. "Kumbe ukinunua nyumba unapewa na kaburi."

Kisha hakuna aliyecheka. Tulikaa kwenye benchi. Miaka ishirini na nne tulikuwa tukichangia, kila mara mmoja wetu wa Leicester alipofariki, pesa za kumrudisha nyumbani au za kumzika huku, na kila mara tulirudi nyumbani kwetu bila kuulizana na sisi je. Nilitazama ule upande wa mashariki. Nikajaribu kuona matanga pale. Kwetu Leicester mtu akifa sebule inajaa, korido inajaa, viti vinaazimwa kanisani, akina mama wanapika jikoni kwa zamu mpaka majirani Wagujarati nao wanaleta chapati. Magari ya watu wote hao yangesimama wapi katika ile njia inayotosha gari moja?

Nilimwambia hayo tukiwa njiani kurudi, na ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu sikumwambia lile lililo nyuma yake. Nalisema hapa kwa kuwa ni jambo la kitivo hiki kuliko la mwingine wowote.

Kazi yangu ni ukalimani, hospitalini zaidi: Kiswahili, Kifaransa, Lingala inapobidi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwa mzee mmoja wa kwetu aliyepata kiharusi. Sitaeleza zaidi juu yake kuliko haya. Alikuwa amezungumza Kiingereza kwa miaka mingi, kazini na dukani, na faili yake ilisema hivyo: anazungumza Kiingereza, mkalimani hahitajiki. Baada ya kiharusi aliongea mfululizo, na wauguzi waliandika kwamba maneno yake hayana maana. Waliandika hivyo siku tisa. Siku ya kumi mfanyakazi wa usafi, dada kutoka Goma, alipita na ndoo yake akasimama. Mzee alikuwa akiomba maji. Alikuwa akiomba maji na kuuliza nani amefunga mlango wa yadi. Kiingereza chote kilikuwa kimeondoka, na kilichobaki kilikuwa kizima kabisa, chenye ngeli zake na heshima zake, ila hapakuwa na sikio.

Tangu siku hiyo siwezi kutazama nyumba nzuri bila kuuliza ni nani atapita na ndoo.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni muuguzi wa wazee, ameyaona hayo mara nyingi kuliko mimi. Kisha akasema, "Wewe unachagua mahali pa kuumwa. Mimi nachagua mahali pa kuishi." Na akaongeza swali ambalo lilinikaa: katika mwezi uliopita, hapa Leicester penye watu wetu, ni wangapi waliotutembelea? Nilihesabu. Watatu, na mmoja alikuja kuchukua mashine ya kudurusu aliyotuazima. Vijana wamehamia London na Manchester, wazee wenzetu wanakwenda mmoja mmoja. Jamii ninayoiogopea kuiacha ilikuwa imeanza kuniacha yenyewe, na mimi nilikuwa bado nimeshikilia orodha ya simu ya mwaka 2010.

Tulikaa wiki kadhaa bila kwenda kutazama kitu. Katika wiki hizo nikagundua jambo jingine. Watoto wetu watatu wanaelewa Kiswahili chote, lakini tangu walipoanza shule walitujibu kwa Kiingereza, na sisi, kidogo kidogo, tulifuata majibu yao. Mezani, garini, hata katika kugombana, Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Walipoondoka kikaondoka nao. Nyumba ilipobaki tupu Kiswahili kilirudi, tena kile cha kwetu, cha Katuba na Bukama, chenye Kifaransa na Kiluba ndani yake, si hiki ninachowaandikia. Mke wangu alianza kusema methali ambazo sikuwa nimezisikia tangu harusi yetu. Nilianza kusimulia vizuri zaidi. Sijui kama niwaambie hivyo wanafunzi wa isimu, lakini sijawahi kuishi katika nyumba ya Kiswahili kitupu tangu nitoke Lubumbashi, mpaka nilipokuwa na kile wanachokiita kiota kitupu.

Lakini lugha hii sasa ina wazungumzaji wawili. Mmoja wetu atatangulia. Hilo ndilo nililokuwa nikijaribu kusema kwenye gari, na sikulisema, na hata usiku nilipolisema nililisema gizani. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi kusiwe mbali na treni."

Hivyo ndivyo tulivyofika Oakham, ambao si kijiji wala si mji wa kumtisha mtu wa kijiji. Una soko, una hospitali ndogo, na juu ya yote una stesheni ambayo Beeching hakuigusa. Treni ya Birmingham inapita hapo, Leicester ni nusu saa. Siku ya kwanza hatukutazama nyumba yoyote. Tulikwenda hadi ziwani, Rutland Water, ambalo si ziwa la Mungu. Lilitengenezwa miaka ya sabini kwa ajili ya maji ya miji, kama Tshangalele yetu ilivyozaliwa na bwawa la Mwadingusha, ila lile la kwetu lilikuwa kwa ajili ya umeme wa migodi. Kijiji cha Nether Hambleton kiko chini yake. Upper Hambleton, kilichokuwa juu ya kilima, sasa kiko kwenye rasi katikati ya maji. Na kanisa la Normanton limesimama ukingoni, limejazwa mawe na saruji mpaka nusu, juu ya maji limebaki kiwiliwili tu, na watu huenda hapo kupiga picha za harusi. Mke wangu alilitazama sana. Hili, alisema, ndilo kanisa la kwanza alilowahi kuliona ambalo wazee hawakukosea, ila wajukuu ndio waliolifuata na maji.

Nyumba ya kwanza tuliyoitaka pale tuliikosa. Mwenye nyumba alikubali bei yetu, tukalipa mkaguzi, tukalipa wakili, na wiki ya sita akapata mtu wa kutoka kusini mwenye pesa zaidi akamwuzia. Katika sheria ya hapa neno la muuzaji halimfungi mpaka mikataba ibadilishwe. Nilimkasirikia kwa lugha nne. Mke wangu alikuwa ameshapanda mbegu za lengalenga katika vikopo kwenye dirisha la jikoni, na mwaka huo zilikulia hapo hapo, nyembamba, zikielekea kioo.

Hii ya pili si nzuri. Naisema wazi kwa sababu wasomaji watakuwa wamejenga picha ya mawe ya asali. Ni ya matofali, ya miaka ya sabini, ina bomba la gesi, haimo katika orodha yoyote ya kihistoria na haitaingia. Chumba kimoja kiko chini, kwa ajili ya goti. Vyumba viwili viko juu, na watoto wameshagombania kwenye simu nani atalala wapi Krismasi, kwa Kiingereza, na kitinda mimba akaandika neno moja la Kiswahili, *changu*. Bustani ni hatua ishirini na mbili kwenda na kumi na tatu kwa upana. Mke wangu alimwuliza mwenye nyumba jua la asubuhi linaingilia upande gani, na yule mzee akamwonyesha, na wakakaa huko nje nusu saa wakizungumza juu ya konokono.

Makaburi hatukuuliza. Mkaguzi ataleta ripoti yake Alhamisi.

Mimi niliwaacha bustanini nikatembea hadi stesheni nikishika saa. Dakika kumi na moja. Mke wangu alipomaliza tulikwenda tena pamoja, na nilimwomba tutembee kama tutakavyotembea miaka ishirini ijayo. Aliniona mjinga, lakini alikubali. Alinishika mkono, akaburuta goti lake, mimi nikainama kidogo, tukasimama penye ukuta kupumzika, na kijana mmoja wa baiskeli akateremka kutuuliza kama tunahitaji msaada. Dakika kumi na tisa. Treni ya Leicester ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, na tukalazimika kukimbia.